Muulize Shangazi Pedi: Diski ya tatu haina hadithi

Toleo lililopita niliteleza ulimi. Nilikuwa najibu swali la mtu mwingine kabisa, kuhusu pedi ya kuchezea gemu inayokwenda kushoto yenyewe, nikachomeka sentensi moja kwamba Rage ya mwaka 2011 ndiyo gemu iliyonikera kuliko zote ninazozipenda. Barua zimefurika. Wapo mnaoniunga mkono, na wapo mnaouliza kama mtu mzima mwenye heshima zake anaruhusiwa kuinunia gemu ya zamani hivyo mpaka leo. Anaruhusiwa. Basi toleo hili nimeliachia Rage na jirani zake wachache, kisha tuendelee na maisha.

Kwa asiyeijua: ni gemu ya bunduki, bunilizi ya sayansi, unayoicheza kwa macho ya mhusika mwenyewe, kwa hiyo unachokiona mbele yako ni mikono na silaha tu. Imetengenezwa na studio ya id Software, wale wale wa gemu za Doom na Quake. Asteroidi imeigonga dunia mwaka 2029. Watu wachache waliwahi kuzikwa ardhini wakiwa usingizini, ndani ya vyombo vinavyoitwa Safina. Wewe, Nicholas Raine, unaamka baada ya miaka 106 na kukuta wenzako wote wa Safina yako wameshakufa. Huko juu kumebaki jangwa, majambazi, mazimwi yaliyowahi kuwa watu, na jeshi la kibabe linalojiita Mamlaka.

Shikamoo Shangazi. Kaka yangu alipohama aliniachia mashine yake ya gemu, Xbox 360, na kwenye boksi la gemu nikakuta Rage, diski tatu. Ya kwanza nimeimaliza, ya pili nikaimaliza usiku wa Jumamosi. Majina ya watengenezaji yalipoanza kupanda kwenye skrini nilijua ni mapumziko tu, nikatia diski ya tatu. Nikakuta magari ya kupigana mtandaoni. Je, kuna mtu amenibadilishia diski? Hadithi iliyobaki iko wapi?
Mwenye Diski Tatu

Marahaba mwanangu, na pole. Hakuna aliyekubadilishia kitu. Kwenye Xbox 360 hadithi imegawanywa katika diski mbili za mwanzo, na ya tatu ni ya kucheza na wenzako. Waliokuwa na mashine ya PS3 waliipata gemu nzima kwenye diski moja ya Blu-ray, yenye nafasi kubwa zaidi, kwa hiyo wao hawakubahatika hata kupata yale matumaini yako ya dakika tatu, ukiwa umepiga magoti mbele ya mashine na diski kidoleni.

Mimi niliicheza kwenye kompyuta, tena kwa pedi, na fimbo ya kulia nimeigeuza ili nikivuta chini nitazame juu. Msinicheke, nimezoea hivyo. Majina yalipopanda sikufikiria diski. Nilidhani nimefungua mlango usiofaa. Nilirudi kwenye faili niliyokuwa nimesevu, nikaupita mlango ule ule, nikabonyeza vitufe vile vile, majina yakapanda tena. Mpwa wangu aliyekuwa amelala kwenye kochi akafumbua jicho moja: "Shangazi, umeshinda?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Nikueleze kwa nini inauma. Kumbuka maficho ya kwanza, yale ya majambazi wa Ghost. Una bastola na risasi za kuhesabu. Jambazi haji moja kwa moja kama aliyeitwa jina lake. Anakimbilia ukuta, anaukanyaga, anadandia bomba, anatua ubavuni mwako. Unampiga risasi ya paja. Hafi. Mguu unamwisha nguvu katikati ya hatua, anapepesuka, anadondokea bega, na akiwa bado chini anainua bunduki na kukufyatulia. Nilikirudia chumba kile mara nne, wala si kwa kushindwa. Nilitaka kuona akipigwa mkono atafanya nini, akipigwa akiwa hewani atatua vipi. Kila mara alianguka kivingine. Kuna mtu alikaa miezi mingi akifikiria jinsi mwili unavyopoteza mizani, na mtu huyo namvulia kofia.

Halafu kuna kile chuma cha mabawa matatu, wingstick. Unakirusha, kinapinda kona kumfuata mtu, unasikia kinavyokata upepo, kichwa cha jambazi hakipo tena, na mkiwa na bahati nyote wawili kinakurudia mkononi. Bahati ikikosekana kinavunjika, na wewe unabaki umenyoosha mkono. Sijakutana na silaha nyingine inayonifanya nicheke peke yangu usiku.

Sasa twende kwenye daftari. Nina daftari la shule la kurasa 96 ambalo natumia kwa gemu tu. Kila gemu nimeipa kurasa mbili zinazotazamana: kushoto naandika Deni, kulia Malipo. Deni ni kila kitu ambacho gemu imenionyesha kikanifanya nikae nikisubiri. Ukiniambia mlangoni kwamba kuna mtu ghorofani anayenitafuta, unanidai masikio na mimi nakudai huyo mtu. Ukurasa wa kushoto wa Rage umejaa mpaka pembeni. Nakunakilia baadhi:

"Vidude vilivyomo kwenye damu yangu: vitanifanya nini? Mamlaka wananisaka. Kiongozi wao nitamwona lini? Safina nyingine ziko wapi, na waliolala humo ni watu wa namna gani? Jitu la Dead City, ule mji uliokufa: yako mangapi? Mzee Kvasir, yule mwanasayansi, anajua zaidi ya anayosema. Dan Hagar aliniokoa siku ya kwanza. Nitamlipa vipi?"

Ukurasa wa kulia una mistari miwili na nusu, na hiyo nusu ni alama ya kuuliza.

Wewe umetoka huko juzi, lakini wasomaji wengine hawajafika, kwa hiyo asiyetaka kujua mwisho aruke aya hii. Ngome ya Mamlaka inaitwa Capital Prime. Unakwenda huko kuwasha mtambo utakaoziamuru Safina zote zilizozikwa zipande juu ya ardhi. Unapewa bunduki kubwa kuliko zote, yenye risasi za BFG, zile ambazo wapenzi wa Doom wanazijua tangu mwaka 1993. Unapita korido, unawachoma askari, unafika kwenye mitambo, unabonyeza vitufe huku maadui wanakujia. Halafu picha: Safina zinachomoza kutoka ardhini. Basi. Hakuna bosi wa mwisho, yule adui mkubwa wa kufunga hadithi. Hakuna kiongozi wa Mamlaka. Hakuna hata mtu mmoja anayetoka kwenye Safina na kukuuliza wewe ni nani. Ile bunduki nayo nimeitumia kwa muda mfupi kuliko nilioutumia kucheza karata kwenye mji wa Wellspring. Ni kama kukabidhiwa funguo za gari asubuhi ambayo unahamia mahali pasipo na barabara.

Nakwambia, ingekuwa gemu mbovu nisingejali. Gemu mbovu hainidai wala siidai. Zipo ambazo nimezichomoa baada ya nusu saa na hazina hata ukurasa kwenye daftari. Lakini hii ilikuwa na mikono ya dhahabu. Ilikuwa na mji ambao kila mwenye duka ana uso wake, kofia yake, na namna yake ya kukwepa macho yako. Ilikuwa na kipindi cha televisheni ambamo unaingizwa ulingoni kuuana na mazimwi huku watu wanashangilia. Ilikuwa na Dead City, ambako nilitembea nikiwa nimejikunja kwenye kiti, pedi imelowa jasho. Ukiwa na vyote hivyo, hadithi yako haina ruhusa ya kuondoka bila kuaga.

Na jangwa? Ni zuri kulitazama, ila ni korido iliyopakwa rangi ya anga. Unaendesha gari kutoka mji hadi maficho, kutoka maficho hadi mji, na kazi nyingi za pembeni zinakurudisha kwenye mashimo yale yale uliyokwisha kuyasafisha, safari hii ukianzia mlango wa nyuma. Gemu hii ilitangazwa mwaka 2007 na kutoka mwaka 2011, na ukiicheza unaona wazi miaka hiyo minne ilikwenda kwenye kuta, miamba na miili inayoanguka. Uzi wa hadithi uliachwa uning'inie.

Kama bado una hamu, rudi diski ya kwanza uongeze ugumu. Usitafute hadithi. Tafuta vyumba. Na hiyo diski ya tatu usiitupe: mbali na magari ina misheni za kucheza wawili kwa miguu. Mrudishe kaka yako mbele ya skrini.

Dada Pedi, mimi si mchezaji sana, mimi ni mpenzi wa anga. Mdogo wangu alipoanza Rage nikaona asteroidi imeandikwa Apophis, nikashtuka. Hiyo si ya kubuni, ipo! Na mwaka 2029 si mbali. Je, walikuwa wanajua kitu?
Mtazama Nyota

Walikuwa wanajua kutisha watu, ndugu yangu. Apophis ipo kweli. Iligunduliwa Juni 2004, na Desemba mwaka huo huo hesabu za awali zilionyesha uwezekano wa asilimia 2.7 kwamba ingeigonga dunia tarehe 13 Aprili 2029. Ni Ijumaa, kwa mnaoogopa Ijumaa za tarehe hiyo. Kwa asteroidi hiyo ni asilimia kubwa ajabu, na wataalamu hawakulala. Lakini hofu ilidumu siku chache tu: zilipatikana picha zilizopigwa miezi ya nyuma ambazo asteroidi ilikuwemo bila mtu kuitambua, njia yake ikachorwa upya, na mgongano wa 2029 ukafutwa. Machi 2021 NASA wakaongeza kwamba, baada ya kuipima kwa rada, haitatugonga kwa angalau miaka 100 ijayo.

Kwa hiyo gemu ilipotoka, wanasayansi walikwisha kulimaliza suala la 2029 miaka saba nyuma. Waandishi walichukua hofu iliyokwisha poa wakaipasha moto. Mimi sina ugomvi na hilo, bunilizi inaruhusiwa.

Kitakachotokea kweli kina utamu wake. Siku hiyo Apophis itapita takriban kilomita 32,000 juu ya uso wa dunia, yaani karibu zaidi kuliko zile satelaiti za matangazo zinazokaa kilomita 36,000 hivi. Itaonekana kwa macho matupu kutoka Afrika, Ulaya na magharibi ya Asia, nukta ya mwanga inayosogea. Jiwe lenyewe lina upana wa mita 340 hivi. Lingetugonga lingeangamiza eneo kubwa, lakini lisingeifuta dunia nzima kama gemu inavyodai. Lile linalohusishwa na kutoweka kwa dinosau lilikuwa na upana wa kilomita kama 10.

Na jina hilo ni la nyoka wa giza wa Wamisri wa kale, adui wa Ra, anayelivizia jua alimeze. Hebu fikiria: una jiwe lenye jina la nyoka anayekula jua, una watu wanaolala ardhini kulikwepa, una madini ya feltrite yaliyokuja na jiwe hilo. Ningeandikiwa hadithi ya hayo madini ningeisoma mpaka kope zichome. Kwenye gemu ni kitu cha kuokota na kuuza. Nacho nimekiandika kushoto.

Shangazi, kila nikigeuka haraka kuta zinakuwa na ukungu, kisha baada ya nukta moja zinakuwa safi, kama mtu anayetafuta miwani yake. Ni televisheni yangu au macho yangu?
Ukungu

Si televisheni wala macho. Ni jinsi gemu ilivyochorwa, na ni jambo la kuvutia ukilijua.

Gemu nyingi za wakati ule zilijenga ukuta kwa kukirudia kipande kimoja cha picha mara mia, kama vigae. Ukitazama vizuri unaona ufa ule ule unajirudia kila hatua tatu. Rage ilikataa. Injini yake, yaani programu inayoiendesha, iliyobuniwa na John Carmack wa id na wenzake, inawaruhusu wachoraji kupaka kila jiwe rangi yake peke yake, kwenye picha moja kubwa inayoweza kufika pikseli 128,000 kwa 128,000. Hakuna mawe mawili yanayofanana.

Tatizo ni kwamba Xbox 360 ina megabaiti 512 tu za kumbukumbu. Picha hiyo haiingii hata kwa kusukumwa. Kwa hiyo gemu inavuta kutoka kwenye diski vile vipande tu unavyovitazama sasa hivi, kwanza kwa ukungu, kisha kwa usafi. Ukigeuka ghafla, mashine inakimbia kuleta ukuta mpya, na wewe unaukuta bado unavaa. Juu ya hapo waliapa gemu iende kwa fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde bila kuyumba, na mashine ikizidiwa inapunguza ubora wa picha ili mwendo usipungue. Kwa vidole vyangu uamuzi huo ulikuwa sahihi kabisa. Ule wepesi wa kulenga shabaha ambao kila mtu anausifu unatoka hapo.

Dawa: gemu ihamishie kwenye diski ngumu iliyo ndani ya mashine, usicheze moja kwa moja kutoka kwenye DVD. Ukungu utapungua sana. Hautakwisha.

Na usisogeze pua ukutani. Nilisimama muda mrefu mbele ya kibao cha duka huko Wellspring, kwa hatua tano kikiwa na kutu ya kweli, mikwaruzo ya kweli, unaweza kuapa kuna mtu alikigonga na gari mwaka jana. Nikasogea nisome maandishi madogo. Yakageuka uji. Nikarudi nyuma hatua tano, kutu ikarudi. Nikasogea tena, uji. Nilipotea pale mpaka mpwa wangu akaninyang'anya pedi.

Habari Shangazi. Nakubaliana nawe kuhusu Rage lakini mbona unaionea peke yake? Zipo nyingi za bunilizi ya sayansi zilizoahidi mbingu. Taja basi.
Asiyependelea

Nzuri. Haya, tatu, kila moja na ugonjwa wake.

Doom 3, mwaka 2004, studio ile ile. Kituo kwenye sayari ya Mirihi, giza totoro, na wewe unashika tochi au bunduki, kimoja tu kwa wakati mmoja. Watu walipiga kelele: karne ya 22 hamna gundi? Wachezaji wa kompyuta wakatengeneza nyongeza ya kuibandika tochi kwenye bunduki, na ilipotolewa upya mwaka 2012 tochi ikawekwa kwenye vazi la askari. Mimi, kwa taarifa yenu, naipenda tochi ya mkononi. Kuona kitu halafu uchague kukipiga gizani, hiyo ndiyo gemu yenyewe. Kilichonichosha ni mashetani kutokea nyuma yangu kwenye kabati kila nilipookota dawa. Mara ya kwanza nilipiga yowe. Mara ya ishirini nilikuwa naokota dawa huku tayari nimegeuka.

Destiny, mwaka 2014. Kufyatua kwake ni asali, anga zake nimezipiga picha. Hadithi? Iliandikwa, tena kwa wingi na kwa ustadi, lakini sehemu kubwa ikawekwa kwenye kadi zinazoitwa Grimoire, ambazo hukuweza kuzisoma ndani ya gemu. Uliweka pedi chini, ukachukua simu au ukafungua tovuti, ukasoma kule ni nani uliyemuua huku. Nilisoma zote. Bado sijui ni nani aliyeona hilo ni wazo zuri.

Ya tatu ni Aliens: Colonial Marines ya mwaka 2013, na hii ni kisa. Viumbe wake walichekwa na dunia nzima kwa ujinga: wanasimama katikati ya chumba, wanakukimbilia ana kwa ana, wanasahau kuwa wana kuta za kupanda. Miaka mitano baadaye, 2018, habari ikaenea kila kona. Kwenye faili moja ya mipangilio, palipotakiwa kuandikwa "tether" paliandikwa "teather". Herufi moja ya ziada. Kwa sababu ya herufi hiyo amri ilikuwa inaelekezwa kusikokuwepo, na viumbe hawakupata maelekezo yao ya wapi wakae na wapi wavizie. Unafungua faili, unafuta "a", unasevu. Nilifanya hivyo jioni hiyo hiyo. Haikugeuka kuwa gemu nzuri, tusidanganyane, hadithi ilibaki mbao. Lakini kiumbe wa kwanza niliyekutana naye alinizunguka. Nilisikia mkwaruzo juu ya dari, nikanyanyua macho nimechelewa.

Tangu siku hiyo, anayesahihisha maandishi akiomba muda zaidi, namuunga mkono bila kuuliza.

Shangazi, Rage 2 je? Imelipa madeni?
Mwenye Haraka

Imelipa mengine na kukopa mapya. Ilitoka Mei 2019, safari hii id walishirikiana na Avalanche Studios, na unacheza kama Walker, mwanamume au mwanamke upendavyo, miaka 30 baada ya ile ya kwanza. Kupigana ni kutamu zaidi: unamsukuma mtu kwa nguvu ya kiganja anaruka kama karatasi. Jangwa safari hii liko wazi kweli, unaweza kwenda utakako. Tatizo ni kwamba ukifika utakako unakuta kambi inayofanana na uliyoiacha. Na hadithi, nisamehe, ni fupi. Kuna bosi wa mwisho, lakini. Nilimpigia makofi alipotokea, maskini, bila kujali alikuwa wa namna gani.

Bi Pedi, mwanangu ana miaka kumi na mmoja, anailia hii gemu kila siku kwa sababu rafiki yake anayo. Nimpe?
Mama Mtu

Hapana, mama. Ulaya ina alama ya miaka 18 na Marekani 17, na safari hii alama hazikukosea. Nimetoka kueleza hapo juu jinsi vichwa vinavyoondoka. Mwambie nimesema mimi, anichukie mimi. Nimeshazoea, mpwa wangu alinichukia miaka mitatu.

Shikamoo. Nimecheza Rage saa mbili bila kusimama, nimekufa, nimejikuta mwanzo kabisa wa misheni! Hii gemu haijisevu? Na kile kifaa cha kufufuka kinafanyaje kazi, mbona mara kinakubali mara kinakataa?
Saa Mbili

Marahaba. Nianze na kifaa. Ukianguka, skrini inakuonyesha pande za kuvuta fimbo zote mbili, unazifuata, kisha unabonyeza vifyatulio viwili mistari inapokutana katikati. Ukilenga vizuri unaamka na uhai mwingi, na umeme unaotoka mwilini unawachoma waliokuzunguka. Ukilenga vibaya unaamka hoi. Ila kikishatumika kinahitaji muda kujichaji. Ukianguka tena kabla hakijajaa, ndio kwaheri. Hakijakukataa, umekirudia mapema. Ujanja wangu: ukiona unakaribia kufa na kimejaa, jiache uangukie katikati yao, siyo pembeni. Ule umeme ni silaha.

Kujisevu inajisevu, lakini kwa uchoyo mno, hasa unapobadilisha eneo, na humo ndani ya misheni unaweza kwenda mbali sana bila chochote kuandikwa. Mimi kosa langu la kwanza lilikuwa kukiamini hicho kifaa. Nilijiona siwezi kufa, nikasahau menyu kabisa, nikafika mbali, jambazi mmoja mwenye ngao akanisukumia ukutani mara mbili ndani ya dakika moja. Nilirudi nyuma saa moja na nusu, na lawama zote zilikuwa zangu.

Simamisha gemu, shuka kwenye menyu, sevu mwenyewe. Fanya hivyo kila ukimaliza chumba, kila ukisikia muziki unabadilika, na kila ukikuta risasi nyingi zimeachwa sakafuni bila sababu. Hasa hizo risasi.